Tulienda Unguja Kupumzika, Tukarudi na Baraza

Siku tulipohamia Goba, kitu pekee kilichokuwa kimekamilika kwenye nyumba yetu kilikuwa ukuta. Jiko lilikuwa bado, plasta ya nje bado, sebuleni tunakanyaga zege. Lakini ukuta ulisimama: futi nane, tofali za saruji, juu vipande vya chupa, na geti jeusi la bati zito ambalo ukilifunga mtaa mzima unajua wamefunga. Baba Neema alilipenda lile geti kama gari. Na mimi, nisijifanye, nilikuwa naringa nalo. Ofisini nilikuwa nawaelekeza wenzangu: mkiona geti jeusi kubwa, hapo hapo.

Si unajua tena wenzetu wa Dar tunavyojenga. Tunahamia na nusu nyumba ili kukimbia kodi, halafu pesa ya kwanza inayopatikana inakwenda kwenye fensi. Nyumba yenyewe itajijua.

Miezi minane baadaye Baba Neema akiwa Mwanza kikazi, mtoto alipata degedege saa nane za usiku. Nilipiga kelele jamani, we acha tu. Nilipiga geti kwa mikono. Hakuna aliyetoka. Nikambeba mgongoni nikatembea hadi barabara kubwa, Mungu saidia nikapata bodaboda, tukafika hospitali. Neema akapona. Kesho yake jirani ambaye ukuta wake na wetu unagusana akaniambia, tena kwa upole kabisa, "Tulisikia, mama, tukadhani ni televisheni." Hakujua hata jina langu. Na mimi sikujua lake.

Tangu siku ile ukuta ukawa ugomvi ndani ya nyumba. Yeye akasema tuongeze nyaya za umeme juu, kwa sababu anasafiri sana na ana wasiwasi na sisi. Mimi nikasema sitaki nyaya. Akiniuliza sasa unataka nini, nabaki natazama dari. Sikuwa na jibu.

Basi ndoa yetu ilipotimiza miaka mitano tukamwacha Neema kwa bibi yake, tukapanda boti ya asubuhi kwenda Unguja. Siku mbili tu. Nia ilikuwa kupumzika, kula pweza Forodhani na kuacha kuongelea ujenzi.

Hatukuweza. Mji Mkongwe haukuachi usiongelee nyumba. Kutoka bandari ya Malindi unaingia vichochoro vya Kiponda na Hurumzi, na pale nyumba haina uwanja wala ua wa maua mbele. Ukuta wake ndio ukuta wa njia. Uzuri wote wa nje umebanwa sehemu moja, mlangoni. Kuna ile yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, watu huiita ya Kiarabu, na kuna ile yenye upinde juu na vichwa vikubwa vya shaba vilivyochongoka, ya Kihindi, asili yake Gujarat. Kwenye fremu utaona mnyororo uliochongwa kuzunguka, samaki, yungiyungi, majani ya mtende. Kila mwongoza watalii ana tafsiri yake ya alama hizo na wote wana uhakika, kwa hiyo chagua inayokufurahisha. Ule ubao wa katikati, milango miwili inapokutana, unaitwa mfaa. Mafundi wengine wameuchonga kwa ufundi kuliko mlango wenyewe.

Shangani tulisimama mbele ya nyumba ya Tippu Tip, yule tajiri wa pembe na watumwa aliyefariki 1905. Mlango ni mzuri mpaka unakera. Baba Neema akaupiga picha, akaiangalia, akasema taratibu, "Huu umelipiwa na watu." Tukaondoka.

Kilichotubadilisha lakini hakikuwa mlango. Kilikuwa baraza.

Tulikuwa tumechoka, tukakaa karibu na Jaws Corner, pale wazee wanapokunywa kahawa. Tulichokalia kilikuwa kama benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, kulia na kushoto kwa mlango. Mlango ukafunguka, akatoka mzee wa kanzu na kofia. Tukaruka kusimama kama wezi.

"Shikamoo mzee. Samahani, hatukujua ni kwako."

"Marahaba. Kaeni wanangu. Limejengwa likaliwe."

Akakaa na yeye. Akatuambia nyumba za pale ndani ni za wenyewe kabisa, mgeni hapiti hivi hivi, kuna wake na mabinti. Lakini nje kuna hili, la kila mtu. Mgeni wa mwenye nyumba anapokelewa hapa, mpita njia anapumzika hapa, na mvua kubwa ikijaza kichochoro watu wanapita juu yake wasilowe miguu. Baba Neema hakuvumilia, akauliza swali ambalo mimi nilijua lazima aulize: "Na wezi je, mzee?"

Mzee akaugonga mlango kwa kiganja. Mbao nene kama kitabu cha msahafu. "Mwizi kazi yake na huu. Hapa nje tunakaa sisi, tunamwona anavyokuja."

Mume wangu akanyamaza. Namfahamu, akinyamaza hivyo anapiga hesabu.

Mchana ule Hurumzi tulimkuta fundi akibandua plasta ya saruji kwenye ukuta wa zamani. Naandika hili kwa faida ya yeyote mwenye nyumba ya urithi Unguja, Bagamoyo, Tanga au Lamu, kwa sababu wengi tunaziharibu tukidhani tunazipendezesha. Kuta zile ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Unyevu unapanda kutoka ardhini na unatakiwa utoke kupitia ukutani. Ukipiga saruji juu yake, au rangi ya mafuta, umeuziba. Unyevu unakaa ndani, ukuta unaoza taratibu, na baada ya muda ile plasta yako ya gharama inabanduka vipande vipande. Chokaa hupakwa tena na tena, ndiyo kazi yake. Kabla hujagusa chochote upande wa nje uliza mamlaka ya uhifadhi. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, huwezi tu kubadilisha dirisha kwa sababu fundi wako amepata alumini. Beit al-Ajaib yenyewe, jumba la Sultani Barghash la 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Nyumba hizi ukizisahau zinakuonyesha.

Sisi wa tofali za saruji hatuna shida hiyo, plasta ya saruji ndiyo mwenzake. Nilifurahi kusikia, maana nilishaanza kuota chokaa.

Kwenye boti ya kurudi, watu wanatapika kulia na kushoto, Baba Neema akatoa kalamu akachora nyuma ya tiketi. Alichora geti letu. Pembeni yake, nje ya ukuta, akachora kitu kama sanduku refu.

"Ukikaa vijana wavuta bangi?" nikamuuliza, maana sasa woga ulihamia kwangu.

"Tutawasalimia," akasema.

Hela ya nyaya za umeme ndiyo iliyofanya kazi yote. Usijenge kwenye hifadhi ya barabara, utakuja kubomolewa na utakuwa umekosa mwenyewe. Sisi tulivunja kipande cha ukuta cha mita nne kando ya geti, tukakirudisha ndani kidogo kuliko mita, baraza likakaa kwenye kiwanja chetu. Kimo ni cha kiti cha kawaida, sentimita 45. Juu tulisakafia kwa niru na kuweka mwinamo kidogo kuelekea njiani ili maji yasituame. Fundi alitaka liwe tambarare, nikamkatalia. Mvua ya kwanza ikanipa haki. Geti tulikata bati la nusu ya juu, tukaweka nondo, kwa hiyo mtu akipita anaona mlango wetu na sisi tunamwona. Nyumba ikapigwa plasta, juu nyeupe, chini hadi magotini rangi ya udongo, kwa sababu masika matope yanaruka na nyeupe yote ingekuwa ujinga. Tukapanda mwarobaini kwa ajili ya kivuli. Taa moja juu ya baraza, inawaka usiku kucha.

Chupa hakukubali kuzitoa. Sikumlazimisha.

Wa kwanza kukaa walikuwa bodaboda, na Baba Neema akashinda dirishani akichungulia kama mlinzi. Siku ya nne akatoka kuwafukuza, akarudi baada ya saa nzima akijua timu ya kila mmoja. Halafu akaja mama anayeuza mandazi, anapumzisha beseni lake pale saa moja asubuhi. Halafu bibi mmoja anayetoka kliniki, ambaye kumbe anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu tangu kabla hatujanunua kiwanja. Anaitwa Bibi Siwema. Neema sasa anamwita bibi na anadai peremende.

Mwezi uliopita Baba Neema alisafiri tena, safari hii Mbeya. Saa tatu usiku nikasikia geti linagongwa. Nikachungulia kwenye nondo. Ni jirani yule wa ukuta, wa televisheni, amevaa msuli na tochi mkononi, mkewe nyuma yake.

"Mama Neema, taa yenu ya barazani leo haiwaki. Mko salama?"

Nikamwambia tuko salama, baba, ni LUKU tu imeisha.