Usiku mama anamwandikia nani?

Saa sita usiku. Taa imezimwa, watoto watatu wamelala. Ndani ya chandarua mwanga wa simu unaonekana, na vidole vya mama vinakimbia kwenye kioo. Baba amegeukia ukutani kama aliyelala, lakini hajalala. Huu ni usiku wa tatu.

Asubuhi, mama alipoingia bafuni, baba aliichukua ile simu. Alikuta maneno haya: "Nisubiri kituo cha pili, si cha kwanza. Akiuliza, mwambie nimekwenda msibani."

Ndoa nyingi zimevunjika kwa maneno machache kuliko hayo. Baba huyu, fundi magari wa Mbagala jijini Dar es Salaam, hakusema kitu. Kwa siku mbili alikuwa akirudi usiku na kusema ameshakula. Mama alidhani ni matatizo ya gereji. Siku ya tatu baba aliiweka simu mezani.

"Mama watoto, huyu wa kituo cha pili ni nani?"

Mama alicheka, kisha akalia. Wa kituo cha pili hakuwa mtu. Alikuwa mhusika katika hadithi ya msichana anayetoroka ndoa ya kulazimishwa ili awahi mtihani wa kidato cha nne. Kwa karibu mwaka mzima, mchana alikuwa kwenye cherehani na usiku alikuwa kwenye hadithi hiyo, bila mtu yeyote nyumbani kujua.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Niliona aibu, baba watoto. Ungeniuliza fundi nguo mwenye watoto watatu anaandika riwaya ya nini."

Baba alinyamaza kidogo, akasema, "Hebu isome."

Akaisoma. Alipofika pale kondakta anapowaambia abiria, "Tafadhali sogeeni nyuma ili wengine wapate nafasi," baba alimkatiza. "Kondakta gani huyo? Umewahi kumsikia wapi?" Wakacheka wote wawili. Kesho yake mama alikwenda sokoni kwa daladala, akasikiliza njia nzima, na sentensi ile ikafutwa.

Wazazi wengi wenye hadithi kichwani husema wanakosa muda. Ni kweli, lakini mara nyingi aibu ndiyo inayoula hata ule muda mdogo uliopo. Anayeandika kwa kujificha huandika akiwa amechoka. Hawezi kusoma kwa sauti, kwa hiyo hasikii mahali wahusika wake wanapoongea kama barua ya ofisi. Hana wa kumwambia kwamba hapa amechanganya mambo. Na mwenzake, akiona siri asiyoijua, huijaza mwenyewe.

Kazi ya kuajiriwa na malezi havijawahi kuwazuia waandishi wote. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni kwa miaka mingi. Toni Morrison wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1993, aliandika huku akiwalea wanawe wawili peke yake na kufanya kazi ya uhariri. Alizoea kuamka kabla ya mapambazuko, kabla watoto hawajaanza kumwita. Hawakungoja nyumba itulie yenyewe. Walitafuta saa yao ndani ya siku ileile.

Mama wa Mbagala naye ana saa yake sasa, na nyumba nzima inaijua. Kuanzia saa kumi na nusu hadi saa kumi na moja na robo alfajiri yuko mezani na kaunta buku. Baba ndiye anayechemsha chai na kuamsha watoto. Kwa upande wake, Jumamosi jioni baba huenda kutazama mpira bila kuulizwa atarudi saa ngapi. Ni makubaliano, si hisani, ndiyo maana yamedumu.

Katika dakika hizo arobaini na tano haandiki "riwaya". Anaandika tukio moja tu: nani yuko wapi, anataka nini, na nani anamzuia. Akikosa jibu la swali la pili, anajua tukio bado halijaiva. Huacha kuandika akiwa bado anajua kinachofuata, ili kesho asianze kwa kukodolea macho ukurasa mtupu. Ijumaa usiku humsomea mumewe kwa sauti. Kisha hunakili kwenye simu na kujitumia nakala kwa barua pepe, maana simu huanguka na huibwa.

Ijumaa moja mambo yalikuwa magumu. Katika sura ya nne alikuwepo shangazi mchoyo, mwenye kibanda cha mkaa na mazoea ya kuhesabu vipande vya nyama sufuriani. Baba alisikiliza hadi mwisho, akasema taratibu, "Huyu ni dada yangu."

Alikuwa ni yeye kweli. Mama angeweza kubisha kwamba hadithi ni hadithi, lakini wifi yake angeisoma, na watoto wangemwona shangazi yao kwa jicho lingine. Akampeleka mhusika huyo mbali. Akamfanya jirani, muuza samaki, mjane. Kibanda kilipoondoka, ikabidi amwulize upya: huyu anahesabu nyama kwa nini? Akagundua kwamba aliwahi kulala njaa na watoto wake na hataki irudie. Mwanzoni alikuwa mtu wa kuchekwa tu, sasa akawa mtu wa kueleweka. Kumlinda ndugu kuliifanya sura ile kuwa bora kuliko ilivyokuwa.

Hadithi haijaisha. Wakati wa sikukuu, nguo za wateja zinapojaa, wiki nzima hupita bila hata mstari mmoja, na mama hajilaumu. Hufungua daftari siku inayofuata.

Baba akichelewa gereji siku hizi, hutuma ujumbe mfupi: "Nisubiri kituo cha pili." Mama huujua maana yake, humfunikia chakula, akaenda kulala mapema.