Matembezi ya Chakula Mji Mkongwe: Zawadi Tuliyompa Bibi Harusi Wetu



Mnatuuliza sana kuhusu zawadi ya kumuaga mwari. Tumshonee nini? Tuvae sare ya rangi gani? Sisi ni mafundi cherehani wanne wa Matemwe, na tusidanganyane, tunakula kwa sare zenu. Lakini mdogo wetu wa pale chumba cha kushonea alipoposwa, sisi wenyewe hatukushona sare. Pesa za mchezo wetu tulizitoa, tukampeleka mjini kwa matembezi ya chakula, yale ambayo wageni huongozwa kwa miguu kutoka mkahawa mmoja hadi mwengine, wakionja huku wakielezwa.

Sababu yake ni hii. Mchumba wake ni mtu wa Mji Mkongwe. Siku ya kuleta posa, mgeni mmoja alitania kwamba mtoto wa shamba itabidi afundishwe kwanza biriani. Watu wakacheka, na yeye akacheka. Lakini tangu siku ile akawa anatazama video za mapishi mpaka usiku wa manane, na kila akipika muhogo wa nazi anatuomba radhi, eti chakula chake ni cha kimaskini. Neno hilo lilituchoma. Mwanamke akiingia kwenye ndoa anaona haya kwa sufuria ya mama yake, ataona haya kwa mengi mengine.

Basi tukapanda gari ya 118, tukashuka mjini, tukaanza baada ya Laasiri jua lilipopoa. Mtembezaji wetu tulimtaka awe mwanamke, na tukampata, mzaliwa wa huko huko, baibui lake na viatu vya chini. Bei tulikubaliana kabla ya kuondoka nyumbani.

Tulianzia Darajani, kwenye soko lililojengwa mwaka 1904. Sote tumewahi kununua pale, lakini kununua mbio mbio gari isikuache si sawa na kusimama ukaangalia. Tuliangalia mafungu ya muhogo, mikungu ya ndizi, nazi, majimbi, iliki na mdalasini. Mtembezaji akamuuliza mdogo wetu, "Hapa kuna kitu gani kilichoota Mji Mkongwe?" Akatazama huku na huku, akatikisa kichwa. Mjini kuna mawe na milango ya kuchonga. Chakula kinatoka shamba na baharini.

Kituo cha pili kilikuwa urojo, kwenye kimkahawa kidogo ndani ya uchochoro. Hapa palitokea jambo. Mwenye mkahawa alitutazama, akatazama nyuma yetu, kisha akamuuliza mtembezaji, "Wageni wako wako wapi?" Hakuwa na nia mbaya. Hakuzoea tu kuona wanawake wa kwetu wamelipa ili waelezwe habari za chakula chao. Mtembezaji akamjibu, "Ndio hawa, na leo wanakaa mbele." Tukakaa mbele.

Ule urojo tuliula taratibu, tukiuchambua kama mtu anavyofumua gauni aone lilivyoshonwa. Mchuzi wa manjano na ukali wa embe mbichi na ndimu, viazi, kachori, bajia, mishkaki, chatne ya nazi, na juu yake chipsi za muhogo. Bajia na kachori asili yake ni Bara Hindi. Muhogo nao ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno. Bakuli moja limekusanya bahari mbili, na bila ule muhogo wa kukwaruza kwenye meno, urojo unakuwa uji tu.

Tukaenda Mkunazini, Lukmaan, karibu na ule mbuyu mkubwa. Pale chakula kimepangwa mbele ya macho yako, unaonyesha unachotaka. Tukagawana biriani, ndizi mbichi za nazi na samaki wa kupaka. Mtembezaji akatuhadithia habari za Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita pwani yetu mwaka 1331. Huko Mogadishu alikirimiwa wali wa samli na mchuzi, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu, tangawizi na embe. Akaziandika kama chakula cha heshima, kilichoandaliwa mgeni wa sultani. Mdogo wetu akaacha kutafuna. Ndizi mbichi ndiyo futari yake ya kila Ramadhani, na siku zote alikuwa akiiita chakula cha kubania matumizi.

Kutoka hapo ni hatua chache kufika Sokomuhogo. Tumelitamka jina hilo tangu utoto bila kulisikia. Mtaa wa katikati ya Mji Mkongwe, mji ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, una jina la soko la muhogo. Hakuna aliyehitaji kutuhutubia. Tulikitazama kibao, tukamtazama mwari wetu, naye akaficha uso kwa mtandio akicheka.

Pale Jaws Corner wanaume walikuwa barazani na kahawa zao na siasa zao. Hatukujipachika katikati yao. Tulichukua vikombe vyetu na kashata, tukasimama pembeni kwenye kivuli, tukanywa, tukaendelea na safari. Stara haikutuzuia kuonja. Duka la halwa nalo tulilipita. Mtembezaji alitueleza jinsi wanga, sukari, samli, iliki na zafarani vinavyokorogwa motoni kwa muda mrefu bila mkono kupumzika, kama wafanyavyo Oman hadi leo. Nyinyi mnaopanga nikaha, halwa inunueni kwa anayejua kazi. Haina njia ya mkato.

Swala ya Magharibi tulisali nyumbani kwa shangazi yake mmoja wetu. Tulilipanga hilo mapema, maana si kila msikiti wa mji wa kale una sehemu ya wanawake. Baada ya hapo tukateremka Forodhani.

Wengi mnapajua: taa, moshi, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na ile inayoitwa pizza ya Zanzibar, ambayo haina undugu wowote na Italia. Ni unga uliotandazwa ukawa mwembamba kama shashi, ukatiwa nyama, kitunguu na yai, ukakunjwa na kukaangwa. Ndugu yake wa karibu ni mkate wa mayai wa Mombasa, na binamu yake ni mutabbaq wa Arabuni.

Kwenye meza moja palikuwa na pweza. Karibu yetu walisimama wanawake wawili wa Kizungu pamoja na mtembezaji wao, wanauliza kwa nini pweza wengine ni laini na wengine kama mpira. Mtembezaji wao akababaika. Wa kwetu akamgusa bega mdogo wetu: "Wewe ndiye mwenyewe, sema."

Akasema. Mwanzo kwa sauti ndogo, halafu ikapanda. Alieleza kuhusu bamvua, maji yanapokupwa mpaka mwambani na wanawake wa Matemwe wanatoka na vijiti vyao, Mnemba inaonekana kwa mbele. Alieleza jinsi shimo la pweza linavyojulikana, anavyochokolewa, anavyopigwa mpaka alainike, kisha anavyopikwa kwa tui la pili kwanza na tui zito kumaliziwa. Akawaonyesha aliyechemshwa mchana na kurudishwa motoni, na aliyeiva sasa hivi. Watu wakasogea. Hata muuzaji akatikisa kichwa kukubali, ingawa nusu ya bidhaa yake imeumbuliwa!

Hatukupiga picha. Tulikuwa tunamsikiliza.

Ndani ya gari kurudi nyumbani alituambia, "Kumbe mimi siendi kule kufundishwa tu. Naenda na changu." Sisi kazi yetu ni nguo, na tunajua kanzu ya bwana harusi haikamiliki bila uzi mdogo usioonekana. Leo orodha ya walima yake ipo. Biriani lipo, maana heshima ya wakwe ni wajibu, na amejifunza kulipika. Pembeni yake kuna pweza wa nazi na muhogo, kwa amri yake mwenyewe. Huenda kuna atakayetania tena. Hilo hatuwezi kulizuia. Tulichoweza ni kumfanya asiombe radhi.

Jingine lililotupendeza ni kwamba orodha hiyo imepunguza gharama. Pweza anatoka kwa mashangazi, muhogo unatoka konde la baba, na hakuna aliyekopa. Dini yetu inatuhimiza kula kilicho halali na kizuri, na inatukataza israfu. Mnaofunga ndoa mfunguo hizi, likumbukeni hilo kabla ya kusaini mkopo wa sherehe ya siku moja.

Kama na nyinyi mtapenda kumpa mwari zawadi kama hii, haya ndiyo yaliyotufaa. Nendeni watu wachache, wanne au watano, ili muingie kwenye vimkahawa vidogo. Msile mchana, na kila kituo gawaneni sahani moja, kwa sababu ukishiba Darajani utaifika Forodhani kwa macho tu. Kubalianeni bei na vituo mapema, na mumwambie mtembezaji nyakati za swala. Vaeni viatu vya chini, mawe ya vichochoro yanateleza. Forodhani chagueni meza yenye wanunuzi wengi na chakula kinachochomwa mbele yenu, hasa vya baharini. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, kama ambavyo nanyi mngependa kuombwa.

Na kabla ya kuondoka, muulizeni mama yake mwari chakula gani alipika siku binti yake alipozaliwa. Kitafuteni hicho mjini, mkipate kwenye sahani ya mkahawa, kimewekewa bei, na watu wametoka mbali kuja kukila. Atakitazama kwa jicho jingine.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zenu na meko zenu. Sare bado tunashona, karibuni Matemwe.