Weupe Ulioitwa Baridi

Mtaa wa Ziwani hauna ziwa, wala haujapata kuanguka theluji. Una nyumba za mawe zilizojengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa jiji la Nairobi. Una jirani aitwaye Kariokor, aliyerithi jina lake kutoka kwa kambi ya wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Na kwa mwendo mfupi wa miguu una soko la Gikomba, ambako nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani huanza maisha yao ya pili. Barafu wanayoijua watoto wa hapo ni maji ya rangi yenye sukari, yaliyogandishwa katika kifuko na kuuzwa wakati wa kutoka shuleni. Huinyonya mpaka midomo ikawa myekundu na meno yakafa ganzi.

Kijana mmoja wa mtaa huo, mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa pili chuoni, alikuwa ameinyonya barafu hiyo utoto wake wote. Mama yake aliuza majaketi Gikomba. Katika biashara ya mitumba robota hufunguliwa kama mtu afunguaye barua asiyojua imetoka kwa nani: huenda zikatoka kamera, yaani nguo bora za kuuzwa kwanza, au yakatoka matambara. Majaketi mazito yana wateja wao maalumu, hususan waendesha bodaboda na mabawabu wa usiku. Siku moja robota lilitoa jaketi la buluu lenye mifuko isiyo na idadi na kola iliyopanda hadi puani. Kwenye zipu palining'inia kadi ya plastiki iliyofutika maandishi, isipokuwa picha ya mlima na tarehe ya mwezi wa Februari. Mama alimpa mwanawe jaketi hilo kwa kuwa alikuwa amepata safari. Wanafunzi wanne walikuwa wamechanga fedha, tangu mwanzo wa muhula, ili wapande Mlima Kenya.

Inafaa kueleza hapa alichokibeba kijana huyo kichwani kabla ya kubeba chochote mgongoni. Darasani walikuwa wamejadili kisa cha Johannes Rebmann, mmisionari aliyeuona mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Rebmann aliona weupe juu ya mlima akamuuliza mwongozaji wake Mswahili kuhusu weupe huo, na jawabu alilopata lilikuwa neno moja tu: baridi. Rebmann aliandika kwamba ile ilikuwa theluji. Baadhi ya wanajiografia wa Uingereza wakambishia kwa miaka mingi, wakidai kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Katika insha yake kijana alishikilia kwamba jawabu la mwongozaji lilikuwa ushahidi wa upungufu wa msamiati: mtu wa pwani aliona kitu asichokuwa na jina lake, akataja sifa badala ya kitu. Alitaja theluji, neno lenye asili ya Kiarabu, na barafu, lenye asili ya Kiajemi, akayaita mikopo iliyokuja kuziba pengo. Insha ilipata alama nzuri. Hakujiuliza iwapo aliyeulizwa siku ile alikuwa akijibu swali la jina au swali la jambo.

Safari ilianzia Naro Moru. Siku ya kwanza walilala kwenye kituo cha hali ya hewa, mita 3,050. Siku ya pili walivuka tope maarufu la mteremko, ambalo humeza kiatu na kukitoa kwa shingo upande, wakaingia Bonde la Teleki. Mlima huu ni volkeno iliyokufa zamani mno, zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Kilele chake cha asili kimekwisha kuliwa na mvua na barafu, na vilele vya Batian, wenye mita 5,199, na Nelion, wenye mita 5,188, ni masalio ya kizibo cha mwamba kilichoganda ndani ya koo la volkeno hiyo. Majina hayo pamoja na Lenana ni ya viongozi wa Wamaasai, nayo yalibandikwa na Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika Batian mwaka 1899 akiwa na waongozaji wawili wa milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Wapagazi Waswahili na Wakikuyu waliomchukulia mizigo hawakuachiwa kilele cha kukumbukwa nacho.

Mwongozaji wa wanafunzi alikuwa mzee wa Naro Moru, mkavu wa mwili na mchache wa maneno, aliyetembea polepole kiasi cha kuwaudhi vijana. Siku ya tatu alasiri walifika Austrian Hut, mita 4,790, kando ya barafuto ya Lewis. Hapo ndipo mzee alipoishika ile kadi ya kwenye zipu akaicheka.

"Hii ni tikiti," alisema. "Ya watu wa kuteleza."

Akawaeleza. Kuna nchi ambako mitambo huwavuta watu hadi juu ya mlima, nao huteremka kwenye theluji wakiwa wamesimama juu ya mbao mbili nyembamba. Tikiti ni ya kupandia mtambo. Lakini wapo wasiotaka mtambo. Hao hubandika chini ya mbao zao utepe wa manyoya yaliyolala kuelekea nyuma, hivi kwamba ubao husonga mbele lakini haurudi nyuma, nao hupanda kwa miguu yao nyuma ya mwongozaji, saa baada ya saa. Wakifika juu huubandua utepe, wakaukunja, wakateremka. Zamani utepe huo ulikuwa ngozi ya sili, na hata sasa unapofumwa viwandani bado huitwa ngozi. Wageni wamewahi kumsimulia kuhusu volkeno za Chile, ambako mtu hupanda hivyo mlima wa Villarrica na kuona moshi ukitoka kreta akiwa amesimama juu ya theluji.

"Na hapa?" aliuliza mmoja wao.

Hapa pia. Alipokuwa kijana, mzee huyo alimbebea mgeni mbao zake kutoka chini mpaka Lewis, pamoja na viatu vigumu kama bati. Mgeni alipanda barafuto kwa muda mrefu akihema, akateremka kwa muda wa kuimba ubeti mmoja, akapanda tena. Mara tatu. Wapagazi walikaa juu ya mizigo wakamtazama, wasijue kama wamhurumie au wamwonee wivu.

Kisa hicho si cha ajabu kama kionekanavyo. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walifika na mbao za namna hiyo juu ya Kibo, na barafuto moja ya huko hadi leo inaitwa Furtwängler. Mwaka 1998 Mkenya Philip Boit alishindana katika mbio za mbao za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano, akamaliza wa mwisho, na mshindi Bjørn Dæhlie akamngoja mwishoni mwa njia ili amkumbatie. Mwaka 2018 naye Sabrina Simader akaiwakilisha Kenya huko Pyeongchang katika mbio za kuteremka milima.

Mzee aliwatoa nje akawaonyesha mahali mgeni wake alipovalia mbao. Palikuwa changarawe tupu. Barafuto yenyewe ilionekana mbali kidogo, ya kijivu, imechafuka vumbi, imejikunyata ubavuni mwa mlima kama ngozi iliyoanikwa ikasahauliwa. Watafiti walioipima wamekadiria kwamba kati ya mwaka 1934 na 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Mzee hakuwa na hesabu hiyo. Alihesabu kwa hatua: kutoka jiwe hili hadi pale, alisema, nilikuwa nakanyaga barafu. Kisha akawaamuru wale, walale, wasubiri kuamshwa saa tisa za usiku.

Kijana wa Ziwani hakula. Kichwa kilikuwa kikimgonga tangu adhuhuri naye alificha, kwa hofu ya kuachwa. Katika mwinuko ule kila pumzi huleta kama nusu tu, au zaidi kidogo, ya hewa aipatayo mtu wa pwani. Mwili ukipewa siku za kutosha huzoea, usipopewa huasi. Saa tisa alipoamshwa alivaa viatu, akatoka, akaegemea ukuta kana kwamba anazitazama nyota. Mzee alimmulika tochi usoni akamtaka atembee katika mstari, kisigino kigusane na vidole. Hatua ya tatu ikaenda kando. Akajaribu tena. Ikaenda kando tena.

Akamuuliza jina lake, akalijibu. Akamuuliza anatoka wapi.

"Baridi," alijibu kijana.

"Nimekuuliza kwenu ni wapi, mwanangu."

"Baridi."

Ulimi haukuwa na kitu kingine. Si kwamba msamiati ulikuwa umepungua. Maneno yote yalikuwa mahali pake, theluji na barafu na hata barafuto, ila hakuna hata moja lililokuwa na haja naye wakati ule. Baadaye, alipoweza kufikiri, alikumbuka kwamba yule mwongozaji wa mwaka 1848 alikuwa na msafara wa kurudisha salama. Mtu wa namna hiyo akiulizwa juu ya weupe wa mlimani, lipi kubwa zaidi la kumwambia mwuliza?

Mzee aliwakabidhi wanafunzi watatu kwa msaidizi wake, wakaendelea kuelekea Lenana, mita 4,985. Yeye mwenyewe akamgeuza kijana kuelekea chini. Kijana aligoma. Alisema wamebakiza mita 195 tu. Alizungumzia fedha za mama yake. Alilia, na machozi yakamuaibisha kuliko kuyumba.

"Mzee, naweza kupanda."

"Kupanda unaweza," alisema mzee. "Kushuka ndiko hutaweza."

Dawa ya maradhi yale ni moja, kushuka, na haina nafasi ya mjadala. Mzee alimshika mkanda wa jaketi kwa nyuma, akamwongoza gizani kwenye changarawe iliyotoroka chini ya miguu, akimuuliza kila baada ya muda jina la mtaa wao. Karibu na mita 4,400 kijana alijibu: Ziwani. Mzee alinyamaza, asiulize tena. Walipokaribia Mackinder's Camp jua lilishika ncha ya Batian, kisha ya Nelion, likateremka mwambani polepole. Kijana alikaa kwenye jiwe akatapika, halafu akaomba chai.

Wenzake walirudi na picha za Lenana. Walikuwa na adabu, hawakuzionyesha mpaka Nairobi.

Nyumbani mama hakuuliza kuhusu kilele. Aliuliza kama jaketi lilisaidia, na alipoambiwa kwamba lilisaidia alilifua, akalianika kwenye kamba kati ya nyumba mbili, ambako watoto wa jirani walilipiga ngumi kwa zamu ili wauone unene wake. Insha ilibaki kwenye faili na alama zake nzuri. Siku moja kijana aliichukua, akapiga mstari juu ya aya ya mwongozaji, akakaa na kalamu kwa muda mrefu asiandike kitu.

Mwezi wa Julai, mawingu yalipoikalia Nairobi na asubuhi zikawa za kuumiza vidole, mama alilirudisha jaketi Gikomba. Alilinunua bawabu wa usiku baada ya kuvutana bei kwa nusu saa. Alipokuwa akijaribu zipu aliishika ile kadi, akauliza kama ni lazima ikatwe.

"Iache," alisema mama. "Ilikuja nalo."

Bawabu akaifunga zipu mpaka puani, akaondoka nalo akiwa amelivaa.