Tulipanda Treni Bila Msiba

Kwetu Kasulu mtu mzima haondoki nyumbani hivi hivi. Anaondoka kwa msiba, harusi, rufaa ya hospitali au kutafuta pesa. Mimi nilikulia Kibondo, nikaoa Kasulu, na hiyo ndiyo ilikuwa sheria yangu: safari usiyoweza kumweleza jirani ni kupoteza nauli.

Waliotuchokoza ni Wazungu wawili, mume na mke, waliopita na mabegi mgongoni. Walikunywa chai kwenye kibanda cha mke wangu, wakamsimulia walivyosafiri India kwa treni hadi ufukwe wa Goa. Walienda kuoga bahari tu. "Hawa hawana shamba?" aliniuliza usiku ule, tukacheka. Siku nyingine akairudia habari yao, bila kicheko: "Reli si hata sisi tunayo?"

Tunayo kweli. Ilifika Kigoma mwaka 1914, enzi za Wajerumani, kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam. Lakini kwetu Uha treni ina sifa yake. Wakati wa Mwingereza, mkoa wetu ulikuwa wa kutoa vibarua; treni ndiyo iliyowabeba wazee wetu kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Vibarua hao, manamba, waliondoka, wake zao wakabaki na jembe. Babu wa mke wangu aliondoka hivyo. Barua zilikoma, ila bibi hadi anaingia kaburini alikuwa bado akijiita mke wa mtu.

Hata hivyo tukaamua nasi kwenda kuiona bahari. Tukauza maharage, tukateremka hadi Kigoma. Kwenye dirisha la tiketi tukaambiwa vyumba vya kulala ni wanaume kwao, wanawake kwao, labda mlipie chumba kizima. Pesa hiyo hatukuwa nayo. Tukachukua viti, tukaenda bega kwa bega usiku na mchana, migongo ikiuma. Hata leo ningechagua viti.

Maana nyumbani tulikuwa hatujawahi kukaa pamoja kutwa nzima bila kazi mikononi. Kufika Uvinza, habari za watoto na ada zilikuwa zimetuishia. Tulinyamaza mpaka tukavuka Malagarasi. Ndipo akaanza kunieleza kwamba alipokuwa msichana alitaka uuguzi, baba yake akakataa, na mpaka leo akimwona nesi barabarani hugeuza uso. Nimeishi naye miaka hii yote nikidhani ananuna tu. Mimi nami nikasema yangu, ambayo si ya kuandika hapa. Tabora tulinunua asali, Saranda kuku.

Dodoma abiria mmoja alitushauri tuhamie treni ya umeme, iliyoanza kazi mwaka 2024, tuwahi kufika Dar. Mke wangu hakutaka. Alitaka kupita Kilosa na Kimamba, kwenye nchi ya mkonge, kwa reli ileile ya babu yake. Tulipofika alisimama dirishani mpaka treni ikaondoka. "Bibi hakuwahi kupaona," alisema. Nilisimama naye. Wala sikujua la kumwambia.

Dar hatukukaa, jiji lile linakula pesa. Tulikwenda Bagamoyo, mwisho wa ile njia ya misafara iliyoanzia Ujiji, ambayo wapagazi waliitembea kwa miguu na pembe za ndovu mabegani. Mke wangu aliingia baharini na kitenge chake hadi kifuani, akaonja maji, akatema. Ziwa letu, akasema, ni bora mara mia. Kwa upande wa maji nakubaliana naye.

Tuliporudi Kasulu majirani walikuja kutupa pole. Nani amefariki? Hakuna. Basi mgonjwa yuko wapi? Hakuna. Shemeji yangu alikuwa na hakika tunaficha jambo.

Kilichobadilika kwangu si kupenda treni. Zamani pesa ya mavuno niliipanga mwenyewe, kisha nikampa mke wangu taarifa. Sasa tunakaa nje jioni tukiipanga wote wawili, na fungu la kwanza analolitaja ni nauli. Kibanda cha chai kinafungwa mapema siku tatu kwa wiki, kwa sababu anahudhuria mafunzo ya wahudumu wa afya wa jamii. Ada nililipa mimi, bila kuombwa mara ya pili. Tunachobishania ni safari ijayo: yeye anataka tushukie Kaliua tushike reli ya Mpanda, mimi nataka Mwanza, na shemeji anauliza viti ni shilingi ngapi.