Mtenda Asiyetajwa

Kiholanzi huunda kauli ya kutendwa kwa vitenzi visaidizi viwili: *worden* jambo likiwa bado linaendelea, *zijn* likishakwisha. *De brief wordt geschreven*, barua inaandikwa. *De brief is geschreven*, barua imeandikwa. Mswahili hapati taabu kubwa hapo; -na- na -me- zimeshamzoesha tofauti hiyo.

Kinachonifikirisha ni neno dogo *door*, linalomtaja mtenda kama "na" yetu. Si lazima liwepo. Mara nyingi kutokuwepo kwake hakuna ubaya. Waholanzi husema *er wordt gedanst*, yaani watu wanacheza, na katika sentensi hiyo hamna mtenda wala mtendwa, ni kucheza tu kunakoendelea. Napenda sana muundo huu. Furaha ya watu wengi haihitaji kuandikiwa jina la mtu mmoja.

Lakini chukua *er zijn fouten gemaakt*: makosa yamefanywa. Sarufi imekamilika, mkosaji hayumo. Hapo ndipo mtu hana budi kuuliza *door wie*, na nani?

Tarehe 19 Desemba 2022, mjini Den Haag, Waziri Mkuu Mark Rutte aliomba radhi kwa niaba ya serikali kwa yale ambayo dola ya Uholanzi ilitenda katika utumwa. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku Suriname na katika visiwa vya Karibi vya Uholanzi tangu mwaka 1863. Kusema "watu waliuzwa" kunawezekana karne nzima bila kumgharimu yeyote. Kuomba radhi hakuwezekani mpaka mtenda apatikane, na kwangu mimi uzito wa siku ile ulikuwa hapo.

Kiswahili nacho kina njia ya kumficha mtu zaidi kuliko hiyo ya Kiholanzi. Ni kile kiambishi -ik-. Glasi imevunjika. Fedha za kikundi cha wajane zimetumika. Kauli ya kutendwa angalau humwachia mtenda nafasi, hata akiachwa nje. Hii ya -ik- haimpi hata pa kukaa. Tunaisema misibani, vikaoni, ofisini, mara nyingine kwa huruma ya kweli, maana glasi ya mtoto haistahili kesi. Fedha za wajane zinastahili. Mweka hazina akisema zimetumika, aombwe airudie sentensi yake kwa -w- ya kutendwa, kisha amalizie na jina.