Kumrudisha Simba Pwani

Mbuzi wa pili alipouawa, jirani yetu hakuja kugombana. Alikaa chini ya mwembe, akanywa chai aliyopewa na Mwaitu, akauliza habari za mvua, na alipoinuka kwenda zake ndipo akasema kwamba akimpoteza wa tatu hatakuja tena kuzungumza. Mwaitu alielewa. Kwetu Mutomo, nyama yenye sumu haipigi hodi.

Mbwa mwenyewe ni Simba. Najua, kila boma la pili Ukambani lina mbwa anayeitwa Simba, na wengi wao ni wakubwa kuliko paka kidogo tu. Huyu wetu alistahili jina. Akisimama akakuwekea miguu ya mbele mabegani, mnatazamana macho kwa macho. Alizaliwa Watamu, kwenye nyumba ya Mtaliano mmoja ambako baba alikuwa mlinzi wa usiku kwa miaka 19. Nyumba ilipouzwa, mwaka wa 2021, baba alilipwa chake, akapewa na mbwa, wakarudi nyumbani wote wawili juu ya lori la saruji. Watoto wa kijiji walikimbia hadi shuleni.

Baba alifariki mwezi wa Machi. Simba akaanza kushinda karibu na kaburi mchana na kuzurura usiku, mlinzi asiye na lindo. Kwa Mtaliano alizoea wali na vichwa vya samaki. Mwaitu alikuwa na muthokoi, tena wa kupima.

Watamu nilimjua mtu mmoja tu, mzee aliyekuwa akitunza bustani pale pale kwa Mtaliano. Sasa ni mlinzi wa ploti nyingine. Nikampigia simu. Hakuuliza mengi. "Mlete. Huyo namjua tangu macho hayajafumbuka."

Ndugu yangu ana Nissan kuukuu iliyostaafu umatatu. Viti vya nyuma vimeng'olewa, na msimu wa maembe hubebea maembe. Julai hakuna maembe, kwa hiyo sikukodishwa, niliombwa tu nijaze mafuta. Nikatandika godoro, nikaweka jiko dogo la gesi, mtungi wa maji na unga wa kumpikia Simba. Wazungu huko kwao wana magari yenye kitanda, sinki na choo, na majira ya baridi huzunguka nayo ufuo kwa ufuo pamoja na mbwa wao. Nimewaona YouTube. Mimi nilikuwa na ndoo. Lakini nia ilikuwa ile ile, maana nilijua hakuna lojing'i itakayotupokea.

Nilibeba pia kadi yake ya chanjo. Nchi ilijiwekea lengo la kumaliza vifo vya binadamu vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na Makueni, ng'ambo ya mto kutoka kwetu, ilikuwa mojawapo ya kaunti za mwanzo kuchanja mbwa kwa wingi. Kwa hiyo daktari wa mifugo hakunishangaa. Alishangaa safari. "Unampeleka mbwa holidei?"

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Watu hudhani Kitui Kusini ni jua tu. Waje Julai. Mawingu hujaa angani kama yatanyesha, hayanyeshi, na upepo unakuingia hadi kwenye mifupa. Simba alilala kichwa kikiwa begani mwangu, akinipumulia shingoni, na kusema kweli sikuhitaji sweta.

Baada ya Ikutha barabara inateremka hadi Mto Athi. Nilisimama kando ya daraja ili ashuke akakojoe, akaenda zake kunywa maji. Mto huu ukishaungana na Tsavo unaitwa Galana, na ukikaribia bahari unaitwa Sabaki. Baba alikuwa akisema maji ya nyumbani yalimfuata kazini. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni maneno ya mtu aliyekunywa, hadi nilipoiona ramani darasa la sita.

Na wala si yeye wa kwanza. Karne ya 19 Wakamba walikuwa wakiteremsha pembe za ndovu kwa misafara kutoka Kitui hadi Mombasa. Mwaka wa 1849 mmishonari Krapf alipanda njia hizo kutoka Rabai hadi kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, na huko ndiko alikouona Mlima Kenya. Vitabu humkumbuka Krapf na mlima. Mimi huwafikiria wapagazi, na wake zao waliobaki wakihesabu miezi, kama Mwaitu alivyohesabu miaka 19.

Baada ya Kibwezi tulisimamishwa kwenye kizuizi. Afisa akazunguka gari mara moja.

"Madam, fungua nyuma. Umebeba nini?"

"Simba."

Alicheka, akavuta mlango. Simba akainuka polepole kama mzee anayeitwa kutoa ushahidi. Afisa aliufunga mlango yeye mwenyewe, kwa adabu sana, akanitakia safari njema.

Barabara ya Mombasa sina la kusema juu yake ambalo madereva wa malori hawajalisema kwa honi. Tulipita Tsavo, pale simba wale wawili walipowala wajenzi wa reli mwaka wa 1898, na Simba wangu alikuwa anakoroma. Tukalala Voi, kwenye kituo cha petroli, baada ya kumwomba bawabu ruhusa. Asubuhi mama wa mahamri aliniomba nimshike mbwa mbali kidogo, ana udhu na hataki kuguswa na najisi. Aliniomba vizuri, nami nikamfunga. Alipomaliza wateja akanipa mahamri mawili zaidi: "La kwako hili. Na hili la mgeni wako."

Mariakani, Mombasa, Mtwapa, daraja la Kilifi. Tulipofika Gede, kona ya Watamu ilikuwa mkono wa kulia, na mzee alikuwa akingoja. Nikaipita. Nilijiambia kwamba nataka kuona Sabaki inavyoingia baharini, na kwamba ni umbali mdogo tu mbele ya Malindi. Nilijua ninachofanya. Simba alijua pia, nadhani, kwa sababu aliacha kuninusa shingo akaketi akitazama nyuma.

Julai pwani ni kusi. Bahari imechafuka, mwani umejaa ufuoni, hoteli nyingine zimefungwa. Mdomoni mwa Sabaki maji ni ya rangi ya chai ya maziwa, udongo wetu ule ule. Simba alikimbia hadi akawa nukta. Nikapika sima kwenye mlango wa gari, upepo ukizima jiko kila dakika, tukala, tukalala. Usiku huo mvua ndogo ilipiga bati la Nissan na sikufikiria chochote.

Kesho yake nikampeleka.

Nyumba ya zamani imebomolewa, pana ghorofa. Simba alipita pale bila kugeuza kichwa. Lakini mzee alipopiga mluzi kutoka ng'ambo ya barabara, mluzi mfupi wa pumzi mbili, mbwa yule mzima alijikunja, akalia kama mtoto wa mbwa, akaenda kwa tumbo.

Baadaye, tukinywa chai, mzee alinitazama. "Wewe ndiye yule uliyeacha chuo cha ualimu?"

Ilikuwa miaka saba. Wakati ule baba hakunipigia simu kwa miezi minane, na alipoanza tena hakutaja neno. Hatukuwahi kulitaja, hata hospitalini. Nikamwuliza mzee aliambiwa na nani.

"Sikuambiwa, mwanangu. Babako alikuwa hasemi sana na watu. Alikuwa akisema na mbwa, pale getini, usiku kucha. Kwa Kikamba. Mama yangu mimi ni Mkamba wa Rabai, nilikuwa nasikia yote."

"Alisema nini?"

"Kwamba anataka kukupigia." Akamwaga masimbi ya chai. "Na kwamba ukiona namba yake utadhani amepiga kukugombeza. Basi akaahirisha. Kesho yake akaahirisha tena."

Nilibaki nikimkuna Simba nyuma ya masikio. Aliyasikia yote hayo, akiwa bado kijana, na akaja akakaa nasi miaka yote akinyamaza.

Niliondoka kabla ya adhana ya alfajiri. Hakunifuata. Alikuwa amelala getini, miguu ya mbele imevukana, kazini.

Kabla ya Kibwezi, kizuizi kile kile, afisa yule yule. Alinitambua, akaja hadi dirishani, akachungulia godoro lililojaa manyoya.

"Na simba?"

Nikamwambia ameajiriwa.