Nguo Ifuate Mwili

Sisi tuliozaa watoto watatu twajua ya kuwa mwili wa miaka 38 si ule wa miaka 20. Lakini kujua si kukubali. Mwaka jana tulikwenda mnadani, tukachagua katika mitumba gauni zuri la samawati, la kipimo tulichovaa siku za usichana. Twaliona linabana, tukalinunua. Siku ya pili tuliinua mkono kuandika ubaoni, mshono wa kwapani ukafumuka. Watoto hawakucheka, binti mmoja alituletea pini kimya, nasi tukaona haya kuliko kama wangalicheka.

Jioni tuliulaumu mwili wetu kwa fundi cherehani, mzee wa jirani. Akajibu, “Mwalimu, mwili haukukosa neno. Nguo hii ilikatwa na mtu asiyekuona.”

Basi tukanunua kitenge cha pamba, tukakifua kwanza, kwa kuwa pamba mpya hurudi ikipata maji. Mzee akapima kifua, kiuno na nyonga, akaacha akiba ya nguo ndani ya mishono, ipate kutanuliwa baadaye. Kabla hatujalipa alituamuru tuketi, tuiname, tuinue mikono yote miwili. Gauni likatulia.

Akina mama wenzetu, jaribuni hivyo kabla ya kutoa fedha. Na kipimo cha zamani mkiachie binti zenu. Mwili uliobeba watoto haustahili kuonewa haya. Wastahili nguo iliyokatwa kwa ajili yake.